Chatu wa mwanangu hataki kula: jibu kwa mama wa Minnesota

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 13 alitimiza ahadi yake ya kufanya vizuri shuleni, nasi tukatimiza yetu: siku 24 zilizopita tulimnunulia chatu mdogo, wale wanaoitwa chatu-mpira, kwenye maonyesho ya wanyama watambaao hapa Minnesota. Muuzaji alisema ni dume wa miezi mitatu. Alikuwa na gramu 94. Tangu siku hiyo hajatia kitu kinywani. Kila baada ya siku mbili tunamyeyushia panya wa friza wa gramu 25, tunamhamishia kwenye boksi la viatu ili asizoee kuuma mkono ndani ya tangi, tunamchezeshea panya mbele ya uso, naye anajikunja na kuficha kichwa. Leo ana gramu 88. Tangi ni la kioo la galoni 40, lina gogo moja la kujificha lililo wazi pande mbili, taa nyekundu inayowaka mchana na usiku, na mkeka wa joto chini yake. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kinasoma 78. Mwanangu humtoa kila siku akirudi shule ili wazoeane. Kijana wa dukani anasema tumpe panya hai. Mama mkwe wangu, aliye Tanga, anasema tumjaribu kwa yai au maziwa. Naogopa atamfia mtoto mikononi. Pia tuna binti wa miaka mitatu, sijui kama hilo lina shida."

Marahaba, mama, na pole kwa wiki hizi tatu za wasiwasi. Nianze na lile linalokunyima usingizi: kwa uzito ulioniandikia, nyoka huyu hafi njaa wiki hii wala ijayo. Kutoka gramu 94 hadi 88 amepungua kama asilimia 6, na sehemu ya hizo ni maji na kinyesi cha mlo wa mwisho aliokula kwa muuzaji. Mwili wake hautumii chakula kupasha damu joto kama wetu, kwa hiyo akiba ndogo humfikisha mbali. Kwa mtoto wa umri huu mimi huweka mpaka kwenye asilimia 10, ambayo kwake ni gramu 84 au 85. Hamjafika huko, ila hamko mbali sana, ndiyo maana nakujibu kwa urefu na nakuomba muanze leo jioni.

Hataki kula kwa sababu anaogopa. Na ninalosema sasa silisemi kwa lawama, maana nimeliona kwa familia nyingi zenye moyo kama wenu: karibu kila mnachofanya kwa huruma ili ale kinamwongezea hofu. Kumtoa kila siku, kumhamisha, kumletea panya kila baada ya siku mbili, kumchezeshea usoni. Kwenu ni upendo. Kwake ni windo la siku 24.

Ili uelewe, mfikirie kule anakotoka. Chatu huyu ni wa Afrika, lakini si yule chatu mkubwa tuliyezoea kusimuliwa nyumbani, anayefika mita nne au tano na kumeza swala. Huyu asili yake ni nchi za nyasi na mashamba kuanzia Senegali, kupitia Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Jike mkubwa hufika mita moja na nusu hivi, dume hupungua hapo. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Wamarekani wamempa jina la mpira kwa sababu akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati, kama alivyofanya kwenu. Kule Ouidah, Benin, wana hekalu lao mkabala na basilika ya Kikatoliki, na mtu akimkuta mmoja ameingia nyumbani kwake humbeba kwa heshima na kumrudisha. Ni nyoka mpole mno. Upole huo ni tabia ya mnyama ambaye kinga yake kubwa ni kutoonekana.

Mchana kutwa hukaa ndani ya kichuguu kilichohamwa au shimo la panya buku, pembeni pakimgusa, juu pakimgusa, giza totoro, hewa ya vuguvugu na yenye unyevu. Usiku hutoka kidogo, au husubiri mlangoni mpaka panya apite. Mtoto wa gramu 88 ni mlo wa kila mwenye meno na kucha: nguchiro, ndege wawindaji, nyoka wenzake. Sasa fikiria kula kunamtaka afanye nini. Afungue taya kupita kiasi, akae dakika kadhaa na mdomo umejaa asiweze kuuma wala kukimbia, kisha atembee siku tatu au nne akiwa na uvimbe tumboni, mzito na mwepesi wa kukamatwa. Nyoka huyu haanzi kazi hiyo mpaka aamini hakuna jicho linalomwona. Mmemweka kwenye kioo pande nne, chini ya taa isiyozimika, na pango lenye milango miwili. Hana pa kuamini.

Jambo la pili linalomfunga mdomo ni joto. Chatu anapokaa bila kula, utumbo wake husinyaa. Akimeza, utumbo hukua upya kwa siku chache, na kazi yote hiyo huendeshwa na joto analolipata nje ya mwili. Akiwa baridi, panya tumboni huanza kuoza kabla hajasagwa, na nyoka humtapika. Kwa hiyo asiyepata joto la kutosha mara nyingi hukataa chakula tangu mwanzo, na hapo hajakosea.

Tuanze na joto basi. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kinakueleza habari za kioo. Nunueni viwili vyenye waya na kihisi, kimoja kila upande, kihisi kiwekwe chini anapolala nyoka. Upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, kwa Farenhaiti ya huko kama 88 hadi 91. Upande wa baridi uwe 24 hadi 27, yaani kama 75 hadi 81. Ile 78 yenu inafaa upande wa baridi. Kama ndiyo joto la tangi zima, hana mahali pa kusagia chakula. Mkeka wa joto uzimeni leo hii mpaka mpate thamostati ya kuudhibiti. Usiodhibitiwa unaweza kupanda hadi kuunguza ngozi ya tumbo, na nyoka hulala palepale mpaka kidonda kitokee. Nimefunga vidonda vya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mkiuzima, chumba kisiwe baridi usiku huo. Kama hita ya nyumba inakifikisha 78 mpaka 80, siku moja mbili haitamdhuru. Taa nyekundu nayo iondoeni. Watu husema nyoka haoni wekundu, na si kweli: kwake ule ni mwanga usiokwisha. Mkihitaji joto kutoka juu, tafuteni balbu ya kauri isiyotoa mwanga, nayo iwe kwenye thamostati.

Sasa maficho, na hapa ndipo ningetumia nguvu zote kama ningeruhusiwa kubadili kitu kimoja tu. Gogo lililo wazi pande mbili kwake ni njia ya kupita. Chukueni mabakuli mawili ya plastiki yasiyopenyeza mwanga, yenye upana wa kiganja cha mtu mzima, myapindue, mkate tundu moja dogo la mlango kwenye kila moja na kulainisha ukingo wake. Moja upande wa joto, moja upande wa baridi, asije akalazimika kuchagua kati ya kujificha na kuota moto. Kipimo cha bakuli ni hiki: akijikunja ndani, mgongo wake uguse dari na ubavu uguse ukuta. Sisi tunaona tumembana. Yeye mguso huo ndio unaomwambia kwamba hakuna anayeweza kumjia kwa nyuma. Katikati jazeni majani ya bandia, magome, karatasi zilizokunjwakunjwa, chochote safi, ili aweze kutoka bakuli moja hadi jingine bila kuvuka uwanja mtupu. Kisha zibeni kioo pande tatu kwa karatasi nyeusi au kanga ya zamani, nguo ikae mbali na chanzo chochote cha joto. Kuna watakaokuambia tangi la galoni 40 ni kubwa mno kwa mtoto. Ukubwa wenyewe haudhuru; utupu ndio unaodhuru.

Kuhusu unyevu hukuniandikia kitu, nami nadhani ni kwa sababu hamjaupima. Januari ya Minnesota, hita ikiwaka usiku na mchana, hewa ya ndani hukauka kiasi cha kupasua midomo ya watu. Na nyoka hukaukiwa vilevile. Anahitaji asilimia 60 hivi, na zaidi kidogo anapokaribia kujivua gamba. Tandikeni makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, kina cha vidole vitatu au vinne. Mama mkwe atafurahi kusikia makumbi yanauzwa Marekani kwa bei ya nyama. Mwagieni maji kwenye pembe ili tabaka la chini liwe na unyevu na la juu libaki kavu, maana kulala kwenye majimaji humtoa malengelenge tumboni. Kama mfuniko ni wa wavu, funikeni theluthi mbili kwa karatasi ya alumini, mkiacha sehemu ya joto wazi.

Mkishamaliza, fungeni na muondoke. Siku saba kamili: hakuna kumtoa, hakuna kumpima, hakuna kuinua bakuli kuangalia kama yupo. Kubadilisha maji ya kunywa tu, haraka, jioni. Najua ninachomwomba mtoto wa miaka 13 ni kigumu. Mwambie kwamba nyoka hajifunzi kumzoea mtu kwa kushikwa akiwa na hofu. Kila anaponyanyuliwa bila kuumia hatimaye atazoea, ila si kabla hajapata pa kurudi na kupumzika. Kama anataka kazi, mpe daftari: aandike joto la pande zote mbili na unyevu, asubuhi na jioni. Daftari hilo litanisaidia mimi au daktari mwingine kuliko picha hamsini.

Wakati mnasubiri, mpigieni muuzaji simu mumuulize alikula nini kwake: panya wa aina gani, hai au wa friza, mara ngapi, na lini mara ya mwisho. Kiswahili chetu humwita kila mmoja panya, lakini madukani kwenu wanauza aina mbili, ile ndogo ya nyumbani na ile kubwa, na harufu zao ni tofauti. Chatu aliyeanzishwa kwa moja anaweza asiitambue nyingine kuwa ni chakula. Muulize pia kama alitotolewa Marekani au aliingizwa akiwa mdogo kutoka Togo, Benin au Ghana, ambako wengi husafirishwa kwa vibali vya biashara ya wanyamapori. Wanaoingizwa huja na kupe na minyoo mara nyingi zaidi, na huchelewa kutulia. Ikiwa ni mmoja wao, kinyesi chake kipelekwe kupimwa hata kama ataanza kula.

Halafu yule panya wenu wa gramu 25. Ni zaidi ya robo ya uzito wa nyoka. Hata mimi nikiletewa mbuzi mzima mezani katika nyumba ya ugeni nitasita. Kwa sasa lengeni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, maana yake gramu 9 hadi 13: kitoto cha panya kilichoanza kuota manyoya. Kwa mlo wa kwanza ningechukua cha gramu 9 au 10. Kwa macho, unene wake usizidi sehemu nene ya nyoka.

Jioni ya siku ya nane mtafanya hivi. Panya awe ameyeyuka kwenye friji tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, ndani ya chombo chenye mfuniko. Taa za chumba zikishazimwa na kubaki mwanga hafifu wa ukumbini, mtieni kwenye mfuko wa plastiki na kuuzamisha kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika ishirini hivi, kisha mkausheni kwa karatasi. Maikrowevu hapana, humpika nusu na kumpasua. Mwishoni pasheni kichwa chake kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka kifike nyuzi 38 au 40 za Selsiasi. Hili la kichwa lina sababu. Pembeni mwa mdomo wa juu wa chatu kuna vitundu vinavyohisi joto. Gizani anaona umbo la joto kabla hajaona panya, na mahali penye joto zaidi ndipo anapolenga. Panya aliyepoa ni mzoga wa kitu asichokijua.

Mshikeni kiunoni kwa koleo ndefu, mumsogeze taratibu hadi kwenye mlango wa bakuli, mkitokea ubavuni na chini, si juu ya kichwa. Kisha mtulie. Mkiwa na bahati, mtaona ulimi unatoka: kwanza haraka haraka, halafu polepole, unaning'inia nje kidogo kila mara. Kichwa kinasogea vidole viwili mbele. Shingo inajikunja kama herufi S. Hapo mkono usitikisike hata mtu akipiga chafya. Atapiga kwa ghafla, atamzungushia mwili mara mbili tatu, na atakaa hivyo kimya muda ambao kwenu utaonekana mwaka. Msiseme "ameshika!" kwa sauti, msiwashe taa, msisogee kupiga picha. Atamwachia polepole, atamtafuta kichwa kwa ulimi, na ataanza kumeza.

Akirudisha shingo nyuma na kuficha kichwa, mmejua jibu. Msimfuate. Muwekeni panya juu ya kifuniko kidogo cha plastiki mlangoni mwa bakuli, funikeni tangi, nendeni mkalale. Wengi wa wachanga ninaowajua waliokula mara ya kwanza baada ya kuhama walikula hivyo, saa nane za usiku, peke yao. Asubuhi panya akiwa bado yupo, atupwe, na msijaribu tena mpaka zipite siku saba. Kumletea kila baada ya siku mbili kunamfundisha kwamba panya ni dalili ya usumbufu.

Boksi la viatu sahauni. Imani ya kwamba nyoka akilishwa ndani ya tangi atauma kila mkono unaoingia imeenea sana, lakini chatu huyu huuma kwa chakula pale anaponusa panya na kuhisi joto, si kwa sababu ya ukuta anaouona. Kumhamisha kabla ya kula kunamtisha. Kumrudisha tumbo likiwa limejaa kunaweza kumtapisha. Mtoto anawe mikono isinuke panya, na kabla ya kumshika amguse kwanza ubavuni kwa fimbo laini au karatasi iliyoviringishwa. Baada ya wiki chache nyoka atajua kwamba mguso huo maana yake si chakula.

Kijana wa dukani anayesema panya hai hasemi uongo mtupu, kwa hiyo nimpe haki yake. Harufu, joto na mwendo wa kiumbe hai humwamsha nyoka kuliko panya wa friza, na mchanga aliyeanzishwa kwa walio hai anaweza kuhitaji mmoja au wawili wa namna hiyo kabla ya kuhamishwa. Lakini panya mkubwa aliyeachwa pamoja na nyoka mwenye hofu humgeukia nyoka. Nimeshona mgongo wa chatu ambaye panya alimtafuna usiku kucha mpaka uti ukaonekana, na nyoka hakujitetea hata mara moja. Na panya naye ana uchungu wake. Tusimsahau kwa kuwa ni chakula. Ushauri wangu: kwanza majaribio matatu ya wiki tatu kama nilivyoeleza. Yakishindikana, na muuzaji akithibitisha kwamba alizoea walio hai, kitoto kimoja kisichofungua macho bado, ambacho hakina meno ya kudhuru, mtu mzima akiwepo muda wote, kiondolewe baada ya robo saa kama hakukigusa. Akishakula mara mbili, rudini kwa wa friza. Kabla ya hapo ningejaribu jambo jingine pia: kumhamishia kwa muda kwenye chombo kidogo cha plastiki kisichoonyesha ndani, chenye matundu ya hewa, maji, bakuli lake na joto lilelile. Si kizuri kwa maisha yake yote. Kwa mchanga mkaidi kimefungua midomo mingi.

Kumfungua mdomo kwa nguvu na kumsukumia chakula, hapana kabisa. Ni kazi ya daktari, na hata sisi huiacha iwe ya mwisho.

Mama mkwe wako mjibu kwa adabu, kwa sababu hajatunga. Pwani kwetu yupo nyoka mla mayai, mwembamba, asiye na meno ya maana, ambaye hula mayai tu na kutema maganda. Chatu wenu si wa ukoo huo. Yai kwake si kitu. Maziwa ndiyo hadithi yenyewe. Hakuna nyoka anayenyonya wala kunyonyesha, na tumbo lao halina cha kuyasagia. Nyoka aliyeonekana akinywa maziwa alikuwa na kiu, na angekunywa maji kwa furaha zaidi. Msimpe.

Kuhusu binti wa miaka mitatu, mama, ndiyo, ipo shida, tena ni shida ninayoitaka uichukulie kwa uzito kuliko njaa ya nyoka. Wanyama watambaao hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuugua, na huwatoa kwenye kinyesi, wakaenea ngozini na ndani ya tangi. Panya wa friza nao wanaweza kuwa nao, baridi haiwaui. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyumba zenye watoto chini ya miaka 5 zisifuge wanyama hawa. Mngeniuliza kabla ya kununua, ningewaambia msubiri miaka miwili. Kwa kuwa ameshaingia, uamuzi ni wenu, na mkiamua abaki, yawe haya: tangi likae chumbani kwa kaka, lenye kufuli, mlango ufungwe. Mdogo asimguse nyoka, tangi, wala nguo ambayo kaka alimpakatia. Panya wasiyeyushwe kwenye vyombo vya kulia, na maji ya tangi yasimwagwe kwenye sinki la jikoni wala bafu analoogea mtoto. Mizani ya kumpimia iwe yake peke yake. Mikono kwa sabuni kila mara, kabla ya kushika kitasa kingine. Binti akiharisha na kuwa na homa, mwambie daktari wake bila kuona haya kwamba nyumbani kuna nyoka. Na kama unaona masharti haya hayatekelezeki kwenye nyumba yenu, kumtafutia nyoka nyumba nyingine ni uamuzi wa mzazi mwema.

Tuseme amekula. Saa 48 asiguswe. Mlo unaofuata baada ya siku saba, ukubwa uleule. Akila mara tatu mfululizo, hapo ndipo mwanao aanze kumshika: dakika tano jioni, mara mbili kwa wiki, amnyanyue kwa kupitisha mkono chini ya mwili akitokea ubavuni, kwa maana kinachotoka juu kwake ni mwewe. Akimtapika panya, msimrudishie haraka. Subirini wiki mbili, kagueni joto, kisha mpeni mdogo zaidi. Mkiona macho yamegeuka ya buluu na rangi imefifia, anajiandaa kujivua gamba, anaweza kukataa chakula siku kumi au zaidi bila kuwa na tatizo. Akiwa mtu mzima atawakatalia hata miezi, hasa dume wakati wa baridi, na uzito hautashuka kitu. Wana maisha marefu hawa. Mwaka 2020 katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Missouri, jike aliyekadiriwa kupita miaka 60 alitaga mayai 7, na alikuwa hajakaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Mwanao akipanga chuo, apange na nyoka.

Daktari wa ana kwa ana msimchelewe akifika gramu 84, au zikipita wiki nne tangu mrekebishe tangi bila mlo hata mmoja. Msisubiri hata siku mbili mkiona anapumua kwa mdomo wazi, anatoa mapovu au mluzi wa pumzi, ana usaha au wekundu ndani ya midomo, ametapika mara mbili, au anatazama juu na kushindwa kujigeuza akilazwa chali. Kichwa kinachotetemeka au kuyumba kinaweza kuwa kasoro ya kuzaliwa ya baadhi ya rangi zilizotengenezwa na wafugaji, hasa ile iitwayo buibui, lakini aione daktari kabla ya mtu kuwaambia ni kawaida. Vidoadoa vyeusi vinavyoelea kwenye maji yake ni utitiri. Navyo vinataka dawa sahihi, si dawa ya mbu ya dukani, ambayo inaweza kumuua.

Si kila daktari wa mbwa na paka anajua nyoka. Jumuiya ya ARAV, ya madaktari wa wanyama watambaao na amfibia, ina orodha ya wanachama kwa majimbo kwenye tovuti yake; piga simu uulize ni chatu wangapi wanawaona kwa mwezi. Chukueni daftari la mtoto, picha ya tangi kutoka pande zote, na kinyesi kibichi kwenye mfuko kama kipo. Kwa baridi ya huko, washeni gari mapema mpaka ndani pawe pa joto, mtieni nyoka kwenye foronya iliyofungwa fundo, foronya iwe ndani ya boksi la kupozea vinywaji, pamoja na chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa taulo, isimguse moja kwa moja. Kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa gari mtoto alibebe boksi kifuani, ndani ya koti.